Picha ya Ubongo na Chupa za Mjomba



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za wito, liturujia na utume wa walei. Leo naomba niandike habari ya ugonjwa ambao wengi wetu hatujawahi kusikia jina lake, na ya swali lililoikabili familia yetu na jumuiya yetu kule Unguja: mgonjwa anapomeza vitamini akajisikia nafuu, tutajuaje kama ugonjwa umetulia kweli? Swali linaonekana dogo. Kwetu lilikuwa swali la kama mama yangu mdogo atakuwa anatembea baada ya miaka mitano au atakuwa kitandani.

Mwenyewe ameniruhusu kuandika, kwa sharti kwamba nisitaje jina lake. “Andika, Frateri,” aliniambia, “lakini usiniandike kama marehemu.”

Ilianza kwa jicho la kulia. Alikuwa na miaka 34, anafundisha chekechea upande wa Machui, na asubuhi moja akauona ubao kama umefunikwa na moshi. Jicho lilimuuma kila alipoligeuza, na rangi nyekundu ilionekana imepauka kama khanga iliyofuliwa miaka. Baada ya wiki kadhaa akaanza kuona vizuri tena, akasahau. Miezi minane baadaye miguu ikafa ganzi kuanzia kiunoni kushuka chini, akawa anakanyaga sakafu ya saruji kama anakanyaga godoro. Hilo nalo likapungua lenyewe.

Ugonjwa unaokuja na kuondoka hupewa majina mengi. Wapo waliosema presha, wapo waliosema kiharusi kidogo, wapo waliosema kijicho cha watu. Jirani yake, mama wa Kiislamu waliyekua naye pamoja, alimletea kombe kwa mapenzi mema kabisa, na mama mdogo akalipokea kwa heshima, maana kwetu Unguja jirani ni ndugu. Na sisi Wakristo tulikuwa na yetu. Aliombewa, akapewa Mpako wa Wagonjwa, na hayo yalimpa nguvu. Lakini wapo pia waliomnong'oneza kwamba angekuwa na imani ya kutosha asingehitaji hospitali. Neno hilo lilimuuma kuliko ganzi.

Hatimaye alivuka kwa boti kwenda Dar es Salaam kuonana na daktari bingwa wa mishipa ya fahamu. Daktari hakukimbilia jina la ugonjwa. Alianza na damu: Virusi vya UKIMWI, kaswende, kisukari, na vitamini B12. Hiyo ya mwisho ilinishangaza, nikaja kuelewa baadaye kwamba upungufu wa B12 unaweza kuharibu uti wa mgongo na kuleta ganzi inayofanana sana na ile ya mama mdogo, na tiba yake ni sindano za vitamini hiyo hiyo. Kuukosa ugonjwa unaotibika kwa wepesi hivyo ingekuwa hasara kubwa. Akapima pia ugonjwa mwingine unaoshambulia macho na uti wa mgongo, ambao huwapata watu weusi kwa kiwango kikubwa kuliko Wazungu na ambao dawa zake ni tofauti. Vyote vikatoka salama. Ndipo akaandika kipimo cha MRI cha ubongo na uti wa mgongo, na picha ikaonyesha madoa meupe saba.

Ugonjwa unaitwa maltipo sklerosisi, kwa kifupi MS. Jina lenyewe lina maana ya makovu mengi. Daktari Jean-Martin Charcot aliueleza kwa kina kule Paris mwaka 1868. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kutulinda, inageuka na kuushambulia utando wa mafuta unaofunika nyuzi za fahamu, unaoitwa mayelini, kama panya anayetafuna plastiki ya waya wa umeme. Waya ukibaki uchi, ujumbe kutoka ubongoni unachelewa, au unapotea njiani. Ndiyo maana dalili hutegemea mahali palipotafunwa: jicho, mguu, kibofu, usawa wa mwili, hata uchovu ambao usingizi hauumalizi. Mwaka 2020 walikadiriwa kuwapo wagonjwa milioni 2.8 duniani, wengi wakiwa nchi za kaskazini. Kwetu ni nadra, ila nadra haina maana ya kutokuwapo. Mwaka 2001 jarida la kitabibu la Afrika Mashariki lilichapisha taarifa ya wagonjwa wa MS walioonekana Kenya, na nadhani kadiri mashine za picha zinavyoongezeka tutazidi kuwatambua waliokuwa wakiitwa wamerogwa.

Daktari alisema mambo mawili. La kwanza, kuna dawa ya dripu inayotolewa kila baada ya miezi sita, na afadhali ianze mapema. Dawa aliyoitaja, rituximabu, ni miongoni mwa dawa tatu za MS ambazo Shirika la Afya Duniani liliziingiza mwaka 2023 katika orodha yake ya dawa muhimu. La pili, kipimo cha damu kilionyesha vitamini D ya mama mdogo ni nanomoli 38 kwa lita, nayo chini ya 50 huhesabiwa kuwa ni pungufu. Akamwandikia vidonge vya vitamini D kwa kiwango cha kawaida ili apandishe.

Kati ya mambo hayo mawili, la kwanza lilikuwa na bei ambayo familia yetu haikuwa nayo. La pili liliuzwa duka la dawa. Msomaji utabashiri ni lipi lililofuatwa.

Hapa wengi huuliza, nami niliuliza: Unguja iko nyuzi 6 tu kusini mwa Ikweta, jua tunalo mpaka tunalikimbia, upungufu wa vitamini D unatoka wapi? Ni kweli kwamba ngozi hutengeneza vitamini hii ikipigwa na jua. Lakini ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani, nguo ndefu huzuia, na mwalimu wa chekechea anaingia darasani saa moja asubuhi na kutoka mchana akiwa amejitanda khanga kichwani na mabegani. Watafiti walipowapima Wamasai na Wahadzabe wanaoishi kwa desturi zao hapa hapa Tanzania, taarifa yao ya mwaka 2012 ilionyesha wastani wa nanomoli 115 kwa lita. Hao ndio watu wanaoishi nje. Sisi wengine tunaishi kwenye nchi ya jua lakini tuko chini ya paa.

Wataalamu wameuhusisha upungufu huu na MS kwa muda mrefu, kwa kuwa vitamini D haiishii kwenye mifupa. Inagusa pia chembe za kinga. Nchi zenye jua hafifu zina wagonjwa wengi zaidi. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walichunguza damu iliyohifadhiwa ya wanajeshi, wakakuta kwamba miongoni mwa Wazungu, wenye vitamini D nyingi walipata MS kwa uchache. Ila katika utafiti huo huo uhusiano huo haukuonekana kwa watu weusi. Jambo hili husahauliwa kila mara habari inaposimuliwa, na kwa msomaji wa Unguja ndilo la kwanza kulikumbuka.

Mjomba wangu hakulikumbuka. Mjomba, kaka wa mama mdogo, anaishi Uingereza zaidi ya miaka 20 na anampenda dada yake kwa namna ya watu walio mbali: kwa simu nyingi na vifurushi. Alikuta kwenye simu yake mtu anayefundisha kwamba vitamini D kwa dozi kubwa sana inaponya MS bila dawa nyingine yoyote. Akatuma chupa nne kwa msafiri. Kila kidonge kilikuwa na yuniti 50,000, na maelekezo yake yalikuwa kimoja kila siku. Nikupe kipimo cha kulinganisha: mahitaji ya kawaida ya mtu mzima ni kama yuniti 600 kwa siku, na kikomo cha usalama kwa anayejimezea bila usimamizi wa daktari ni yuniti 4,000. Vitamini D haitoki kirahisi kwenye mkojo kama vitamini C. Inakaa kwenye mafuta ya mwili, inapandisha kalsiamu kwenye damu, na kalsiamu ikizidi inaharibu figo. Neno “vitamini” linatulaghai; tunalisikia kama tunavyosikia neno “matunda”.

Mama mdogo alimeza kwa wiki tano. Alipompigia daktari kumwuliza kuhusu kiu isiyokwisha na kufunga choo, daktari alimwamuru aache siku ile ile na apime damu. Kalsiamu ilikuwa imeanza kupanda. Alipumzika, akanywa maji kwa wingi, ikashuka, na baadaye akarudi kwenye kiwango cha daktari cha yuniti 2,000 kwa siku. Chupa mbili zikabaki kabatini.

Na hapa ndipo penye ugumu. Miezi iliyofuata alijisikia vizuri. Vizuri kweli. Alirudi darasani, alipanda ngazi za Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, Minara Miwili, bila kushikwa mkono siku ya Pasaka, akaimba kwaya. Vitamini D yake ilipanda ikavuka 80. Mjomba akapiga simu akishangilia. Nyumbani wakaanza kusema dripu ya nini sasa, na daktari akawa anasema kinyume: rudini mpige MRI ya pili, mlinganishe na ya kwanza, kisha tuzungumze.

Fedha za picha hiyo zilitakiwa kutoka kwenye mfuko wa jumuiya yetu ndogo ndogo, na ndipo nilipoikuta habari hii nilipofika likizo. Jumamosi asubuhi, baada ya sala na kushirikishana Neno, katibu akaileta ajenda. Mzee mmoja, mtu mwema asiyekosa zamu ya kutembelea wagonjwa, alisimama akasema wazi: “Tuna mjane anayedaiwa kodi na tuna mtoto wa ada. Huyu dada yetu anatembea, Mungu ashukuriwe. Tunapeleka laki kadhaa Dar es Salaam kumpiga picha mtu mzima?”

Sikumwona kuwa mkorofi. Swali lake ni la haki, na katika jumuiya nyingi lingemaliza mjadala.

Aliyejibu ni mwenyekiti, ambaye ni fundi wa nyumba za Mji Mkongwe. Alisema anaingia kila mwezi kwenye nyumba zilizopakwa chokaa safi, dari imenyooka, watu wanalala chini yake. Anagonga boriti kwa nyundo na kusikiliza, na kwa nyingine nyundo inazama: mchwa wamekula ndani miaka mitatu. “Mwenye nyumba hunijibu kila mara hivyo hivyo. Mbona haijavuja?” Akakaa.

Halafu mama mdogo mwenyewe akaomba nafasi. “Kila mtu ananiambia nimepona,” alisema. “Mimi sitaki kuambiwa. Nataka kujua.”

Mimi niliongeza kidogo tu, kwa vile walinitazama kama frateri, wakitarajia niseme kitu cha kanisani. Niliwaambia habari ya Lourdes. Mfaransa mmoja, Jean-Pierre Bély, alikuwa mgonjwa wa MS. Mwaka 1987 alikwenda huko kuhiji na akainuka. Kanisa halikupiga kengele kesho yake. Madaktari walimchunguza na kumfuatilia mwaka hadi mwaka, na ni mwaka 1999 tu, miaka 12 baadaye, ambapo Askofu wa Angoulême alitambua uponyaji ule. Kama Mama Kanisa hutaka ushahidi hata pale anapoamini kwamba Mungu anaponya, sisi hatuna sababu ya kuiamini chupa bila kuipima. Mfuko ulitoa nusu, mjomba akaombwa nusu, akaitoa bila maneno.

Tulipanda boti ya asubuhi bandarini Malindi. Kutoka baharini minara ile miwili inaonekana juu ya mapaa ya Mji Mkongwe, na nilikumbuka kwamba mapadre na masista wa kwanza waliotumwa Unguja kutoka kisiwa cha Réunion mwaka 1860 walianza kwa kufungua hospitali. Mama mdogo hakukumbuka chochote, alikuwa anatapika.

Kwa ambaye hajawahi kuingia kwenye MRI: si eksirei, na haina mionzi. Ni sumaku kubwa yenye umbo la mtungi, nawe unalazwa ndani yake. Mwili wetu kwa sehemu kubwa ni maji, na sumaku inazipanga chembe ndogo za haidrojeni zilizomo kwenye maji hayo, kisha mawimbi ya redio yanazisukuma, na zinaporudi mahali pake zinatoa ishara ambayo kompyuta inaigeuza kuwa picha. Mayelini ikiharibika, maji ya mahali pale yanabadilika, nalo doa linang'aa jeupe. Kelele zake ni za mafundi bati. Kila chuma kinavuliwa mlangoni: pete, hereni, pini za kitambaa cha kichwa, na rozari yake ya mnyororo. Aliniachia mkononi akaniambia atahesabu kwa vidole. Alikaa humo dakika kama 50. Alipotoka akasema amesali mafungu yote ya Uchungu na akaanza ya Utukufu, “maana nilichoka na uchungu.”

Kabla ya picha za mwisho walimchoma kwenye mshipa dawa iitwayo gadoliniamu. Naomba msomaji ashike jambo hili, kwa sababu ndilo lililoamua habari yetu. Doa la zamani kwenye ubongo halina tarehe. Ukiliona kwenye picha ya pili na halikuwamo kwenye ya kwanza, unajua tu kwamba limezaliwa katikati. Huenda ni wiki moja baada ya picha ya kwanza, kabla hata hujameza kidonge. Lakini shambulio likiwa bichi, ukuta unaotenganisha damu na ubongo unavuja mahali pale, na gadoliniamu inapenya na kung'aa. Kuvuja huko kwa kawaida hudumu wiki chache tu, mara chache zaidi ya miezi miwili. Kwa hiyo doa linalonywa gadoliniamu lina tarehe yake mgongoni.

Daktari aliziweka picha mbili kwenye kompyuta, kushoto ya mwaka uliopita, kulia ya siku ile. Zilipigwa kwa mashine moja, kwa mkato ule ule, na alisisitiza kwamba vinginevyo hangelinganisha. Akahesabu kwa ncha ya kalamu. Madoa saba ya zamani yalikuwapo, mawili yamenywea kidogo. Mapya yalikuwa matatu. Na moja kati ya hayo matatu, dogo kama punje ya mtama, nyuma ya ubongo upande wa kushoto, liling'aa kama taa ya ngalawa usiku.

Mama mdogo aliliangalia kwa muda. “Hilo ni la lini?” 

“La mwezi huu au uliopita.”

“Mwezi uliopita nilikuwa naimba kwaya.”

“Ndiyo,” daktari alisema. “Ulikuwa unaimba.”

Akatueleza kwamba hivyo ndivyo MS ilivyo katika miaka ya mwanzo. Madoa mapya kwenye picha huwa mengi mara 5 hadi 10 kuliko mashambulio ambayo mgonjwa anayahisi, kwa kuwa ubongo una njia nyingi za kuzunguka palipoharibika. Akiba hiyo ya njia hupungua. Nafuu ya mama mdogo ilikuwa ya kweli, haikuwa uongo wala mawazo yake. MS ya aina yake huja na kuondoka, na vidonge vilikuwa vimeanza wakati ugonjwa unaondoka. Jogoo akiwika kabla ya alfajiri si yeye aliyeleta jua.

Mjomba alipopigiwa simu jioni ile aliuliza swali zuri, na nataka kulijibu kwa haki: kwa hiyo vitamini D ni bure? Hapana. Mgonjwa mmoja hawezi kuthibitisha wala kukanusha dawa. Kwa hilo wanahitajika mamia, wagawanywe kwa kura, nusu wapewe vitamini na nusu wapewe kidonge kisicho na kitu, na yeyote asijue amepewa nini hadi mwisho, kisha wote wapigwe picha. Kazi hiyo imefanyika. Nchini Ufaransa wagonjwa 316 ambao ndio kwanza walikuwa wamepata dalili za kwanza, na hawajaanza dawa nyingine, walifuatiliwa kwa miaka miwili. Dozi ilikuwa yuniti 100,000 kila baada ya wiki mbili chini ya uangalizi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025. Ugonjwa ulionekana kuendelea kwa asilimia 60.3 ya waliopata vitamini, na kwa asilimia 74.1 ya waliopata kidonge kitupu. Madoa yanayonywa gadoliniamu yalionekana kwa asilimia 18.6 dhidi ya 34.

Tofauti hiyo ni ya kweli na mimi naifurahia. Lakini isomwe vizuri. Karibu yote ilitoka kwenye picha. Katika mashambulio yanayohisiwa na mgonjwa mwenyewe, makundi mawili hayakutofautiana kwa kiasi cha kutegemewa. Na katika kundi lile lililopata vitamini, zaidi ya nusu ugonjwa uliendelea. Miaka miwili kabla ya hapo, utafiti mwingine wa Marekani kwa wagonjwa 172 waliokuwa tayari kwenye dawa ya MS haukuona faida ya kuongeza yuniti 5,000 kwa siku badala ya 600. Kuna pia habari ya biotini, vitamini ya kundi B, ambayo utafiti wa mwanzo uliipandisha juu sana kwa wagonjwa wa muda mrefu. Walipokusanywa 642, matokeo ya mwaka 2020 yakaonyesha haiwapiti wenye kidonge kitupu kwa namna ya kuaminika. Tena biotini nyingi inavuruga baadhi ya vipimo vya damu, ukaambiwa tezi lako ni gonjwa kumbe ni kidonge.

Vitamini D basi inaweza kuwa msaidizi. Haijaonyesha kuwa inaweza kushika nafasi ya dawa, na dozi ya mjomba ilikuwa karibu mara saba ya ile ya Wafaransa.

Picha nayo nisiipambe. Daktari huyo huyo alituonyesha mipaka yake kabla hatujauliza. Kuna wenye madoa mengi wanaokimbia mbio, na wenye machache wanaotumia kiti cha magurudumu, kwa sababu doa moja kwenye uti wa mgongo linaweza kudhuru kuliko kumi ubongoni. Uchovu hauonekani kwenye picha. Wala hofu. Kwa hiyo kila ziara anampima pia kwa miguu yake: atembee futi 25 kwa saa ya mkono, asome herufi ukutani kwa kila jicho, aingize vijiti tisa kwenye matundu tisa kwa mkono wa kushoto na wa kulia. Mama mdogo anasema zoezi la vijiti analijua, ndilo analowapa watoto wake wa chekechea.

Kitu kimoja kimenikaa tangu nirudi seminarini. Sisi tunaojiandaa kwa upadre tutaitwa kwa wagonjwa kabla ya daktari, mara nyingi, na maneno yetu yatapimwa kama dozi. Tutakapomkuta mgonjwa aliyepata nafuu, tutavutwa kutangaza. Nafikiri ipo namna ya kumshukuru Mungu kwa nafuu ya leo bila kumwambia mtu aache dawa ya kesho, na sura ya 38 ya Yoshua bin Sira inamweka tabibu na sala katika chumba kimoja bila kuwagombanisha. Sijui kwa nini hatuisomi mara nyingi zaidi kwenye Misa za wagonjwa.

Dripu ya kwanza mama mdogo aliipata wiki tatu baada ya picha ile. Mjomba sasa analipia sehemu kubwa, kwa fedha zilizokuwa zikienda kwenye chupa na vifurushi, na kila mwezi anataka atumiwe majibu ya damu kwa simu, ayasome mwenyewe mstari kwa mstari. Vidonge vya yuniti 2,000 vinaendelea; vitamini na kalsiamu hupimwa kila baada ya miezi michache. Dagaa anakula, na saa nne asubuhi watoto wakitoka kucheza anatoka nao, mikono wazi, robo saa juani. Jirani yake wa kombe ndiye anayemsindikiza bandarini siku za kliniki.

Dawa ya dripu huchukua muda kushika, kwa hiyo picha ya tatu itapigwa mwezi wa sita tangu ianze, ili iwe mwanzo mpya wa kulinganishia, na doa lolote litakalozaliwa baada ya hapo lihesabiwe kwa haki. Mzee aliyepinga siku ile ameandikwa wa kwanza kwenye orodha ya wachangiaji, shilingi 10,000. Mwenyekiti ameshauliza nauli za boti.